Aptama, Samaki na Maji ya Chumvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Majibu haya ni ya watu wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Faza, Kiunga na Mpeketoni, ambao huuliza swali lile lile kwa njia tofauti: je, kuna kitu kidogo, cha bei ya kadiri, kitakachotwambia kama chakula hiki, maji haya au homa hii ina sumu au kijidudu ndani yake? Aptama ni jambo linalotajwa sana siku hizi katika habari hizo. Maswali yamepangwa yalivyokuja, si kwa uzito wake, na pale nilipokuwa na maoni yangu sikuyaficha.

Aptama ni kitu gani hasa?

Ni kipande kifupi cha DNA au RNA, uzi mmoja badala ya nyuzi mbili zilizosokotana, chenye herufi (vijenzi vyake, vinavyoandikwa A, C, G na T, au U badala ya T kwenye RNA) kati ya 20 na 100 hivi. DNA tuliyozoea kuisikia hubeba urithi. Aptama haibebi urithi wowote. Kazi yake yote iko katika umbo. Ukiutia uzi huo kwenye maji yenye chumvi inayofaa, hujikunja na kujishika wenyewe kwa wenyewe, ukapata mifuko na mikunjo, na mfuko mmoja ukatokea kuienea molekuli ya aina fulani. Molekuli hiyo ikipita karibu, inanaswa. Inaweza kuwa protini ya virusi, sumu ya kuvu, dawa, hata ioni ya zebaki.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1994. Watafiti walipata aptama ya RNA inayoishika theofilini, dawa ya pumu, zaidi ya mara 10,000 kuliko inavyoishika kafeini. Theofilini na kafeini zinapishana kwa kikundi kimoja tu cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni zake tatu. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anaweza kunywa kahawa yake chungu barazani tangu magharibi hadi isha, na kipimo cha kuitafuta dawa hiyo damuni mwake kisibabaike.

Nani aliyeanzisha?

Mwaka 1990, maabara mbili bila kupangana: Craig Tuerk na Larry Gold huko Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak huko Boston. Szostak alikuja kupata Nobel mwaka 2009, ila kwa kazi nyingine kabisa, ya ncha za kromosomu. Naliandika hili kwa sababu hukosewa mara nyingi.

Maumbile nayo yalikuwa yamewatangulia wote. Mwaka 2002 ilidhihirika kuwa bakteria hutumia vipande vya RNA vya namna hii ndani ya miili yao kupimia vitamini na kuwasha au kuzima jeni.

Inatengenezwaje? Mtu anakaa chini akaichora?

Hapana, na hapo ndipo penye utamu wake. Hakuna anayejua kuchora umbo litakaloishika sumu fulani. Kinachofanyika ni kutengeneza nyuzi nyingi mno zenye mpangilio wa ovyo, kisha kuiacha sumu yenyewe ichague.

Mashine ya kuunda DNA inaambiwa: pande zote mbili za uzi weka herufi ninazozijua, katikati weka herufi 40 bila mpango. Kwa kuwa kila nafasi ina herufi nne za kuchagua, mipangilio inayowezekana ni nyingi kuliko kiasi chochote kinachoweza kuingia kwenye chupa, kwa hiyo unachukua sehemu tu: idadi ya molekuli ambayo ni 1 ikifuatwa na sufuri 14 au 15. Zote zinaenea kwenye tone la maji.

Tone hilo linapitishwa juu ya sumu iliyogandishwa kwenye punje ndogo. Nyuzi nyingi zinapita zikaenda zake. Chache zinashika. Zilizopita zinamwagwa, zilizoshika zinabanduliwa, zinazalishwa tena kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA, hadi ziwe nyingi, na mchezo unaanza upya kwa masharti makali zaidi: sumu kidogo zaidi, suuza kwa nguvu zaidi. Ni kupepeta tu, ungo baada ya ungo, isipokuwa hapa kila baada ya kupepeta zile punje nzuri zinazaana. Baada ya mizunguko 8 hadi 15 hivi, herufi za nyuzi zilizosalia zinasomwa. Kazi hii yote inaitwa SELEX.

Kuna hatua moja ambayo wavivu huiruka. Katikati ya mizunguko lazima uzipitishe nyuzi kwenye vitu usivyovitaka: punje tupu zisizo na sumu, molekuli zinazofanana na sumu yako, mchuzi wa samaki asiye na kitu. Zinazoshika huko zinatupwa. Usipofanya hivyo utajikuta na aptama inayopenda punje za plastiki kuliko inavyopenda sumu. Nikisoma utafiti wowote wa aptama, hatua hii ndiyo ninayoitafuta kabla ya kutazama tarakimu nyingine yoyote.

Kwa molekuli ndogo kuna tatizo la ziada: ukiigandisha kwenye punje, nusu ya mwili wake imefichika, na aptama inajifunza kuishika iliyofungwa badala ya iliyo huru. Suluhisho walilolipata baadaye ni kugeuza mambo: wanazifunga nyuzi kwa ulegevu na kuiacha sumu iwe huru, uzi unaochopoka kuifuata sumu ndio unaochukuliwa.

Mbona tusiendelee na kingamwili? Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinafanya kazi vizuri.

Kinafanya kazi, na sioni sababu ya mtu kukitupa. Kingamwili zina miongo mingi ya uzoefu nyuma yake, na viwanda vinajua kuzitengeneza kwa mamilioni.

Tofauti ni hizi. Kingamwili ni protini kubwa, dalton (kipimo cha uzito wa molekuli) 150,000 hivi. Aptama huwa kati ya 6,000 na 30,000. Kingamwili hutoka kwa mnyama au kwa seli zinazofugwa, na toleo la leo laweza kutofautiana na la mwakani. Aptama huundwa na mashine kwa kufuata herufi, kwa hiyo ukiwa na orodha ya herufi unayo aptama yenyewe. Na kubwa kwetu sisi ni joto. Kingamwili ikipikwa imekwisha. Aptama ya DNA unaweza kuipasha hadi nyuzijoto 95, ikafunguka, ukaiacha ipoe ikajikunja tena. Maabara nyingi hufanya hivyo kwa makusudi kabla ya kuitumia. Ikikaushwa husafiri kwenye bahasha bila barafu.

Fikiria zahanati ya Kiunga. Dawa inatoka Mokowe kwa boti au kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki, jua la kaskazi limesimama, jokofu linategemea sola. Kitu kisichohitaji baridi kina maana yake huko.

Kwa malaria kuna sababu nyingine ya kutafuta njia mbadala. Vipimo vingi vya haraka vinaitafuta protini iitwayo HRP2, na vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo vimeonekana katika Pembe ya Afrika. Kipimo kinasema huna malaria nawe unayo. Zipo aptama zilizochaguliwa kuishika protini nyingine ya vimelea, kimeng'enya cha laktati, na mwaka 2013 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwa picha ya fuwele jinsi aptama ya DNA inavyokishika hicho cha vimelea na kukiacha cha binadamu.

Nimesikia kuna kipimo kinachogeuka kutoka nyekundu kuwa buluu. Naweza kukitumia kwa maji ya bahari?

Swali hili nitalikalia kidogo, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachowakwamisha watu.

Chukua kichupa chenye chembe za dhahabu za upana wa nanomita 13 hivi, zikielea kwenye maji. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi njano. Maji yake ni mekundu, yamekolea. Tia aptama: nyuzi zinajilaza juu ya dhahabu na kuzizuia chembe zisishikane. Tia chumvi kidogo: maji yanabaki mekundu, kwa kuwa aptama inazilinda. Sasa rudia, lakini mara hii tanguliza sumu unayoitafuta. Aptama inaiacha dhahabu na kuifuata sumu, dhahabu inabaki tupu, na ukitia chumvi chembe zinashikana mafungu mafungu. Maji yanaingia zambarau, kisha buluu. Unaona kwa macho yako, bila mashine.

Tazama basi ni nini kilichoigeuza rangi. Ni chumvi. Na maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Ukidondosha maji ya bahari ya Mkanda kwenye kichupa kile, yanaweza kuwa buluu hata kama hamna sumu hata chembe. Ukiyazimua mara 20 ili chumvi ipungue, na sumu nayo umeipunguza mara 20.

Halafu aptama yenyewe. Umbo lake linategemea ioni zilizo kwenye maji, sodiamu, potasiamu na magnesiamu, kwa viwango vilivyokuwapo wakati wa kuchaguliwa kwake. Mara nyingi viwango hivyo huiga damu. Bahari ina sodiamu mara tatu na zaidi ya damu, na magnesiamu ndiyo usiseme. Uzi uliochaguliwa katika hali moja hauna dhamana yoyote katika hali nyingine. Huenda ukajikunja vingine, huenda usishike.

La tatu ndilo linaloniudhi. Kuna aptama ya arseniki iliyotumiwa katika tafiti chungu nzima tangu mwaka 2009, nyingi zikiwa za kugeuka rangi kwa dhahabu. Mwaka 2019 maabara ya Juewen Liu, katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, iliipima kwa njia nyingine na kukuta haiishiki arseniki kabisa. Rangi ilikuwa inageuka kwa sababu arseniki yenyewe inaganda juu ya dhahabu. Miaka 10 watu walikuwa wanapima tabia ya dhahabu wakidhani wanapima aptama. Rangi ikibadilika, usiseme umeiona sumu mpaka umejaribu pia kwa uzi wa ovyo usio aptama na ukaona haubadiliki.

Je, kuna njia isiyotegemea dhahabu inayoelea?

Ndiyo, na mimi naiamini zaidi. Aptama hufungwa ncha moja kwenye elektrodi, na ncha ya pili hubeba rangi ya methilini buluu inayoweza kupokezana elektroni. Sumu ikiingia, uzi unajikunja, rangi inasogea karibu na elektrodi, mkondo wa umeme unabadilika. Kwa kuwa kinachosomwa ni mabadiliko ya umbo, uchafu unaogandagandia juu hausumbui sana. Kikundi cha Kevin Plaxco na wenzake huko Santa Barbara, Kalifornia, kilifanikiwa kufuata dawa ndani ya damu ya panya walio hai, papo kwa papo. Ikiwa chombo kinastahimili damu inayotembea, mchuzi wa samaki si wa kukitisha.

Njia nyingine ni ya mng'ao: uzi una taa ncha moja na kizima-taa ncha ya pili, na vinapotengana kwa sababu ya kushika kitu, taa inaonekana.

Mimi nauza jodari na vibua sokoni. Wateja wengine wanasema baada ya kula uso uliwaka na moyo ukaenda mbio, na samaki hakuwa ananuka. Kuna aptama ya hili?

Dada, ulichoeleza ni histamini karibu moja kwa moja. Jodari, vibua, nguru, fulusi na dagaa wana asidi amino iitwayo histidini kwa wingi. Samaki akikaa juani kwenye mashua, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Mlaji, ndani ya dakika chache au saa moja mbili, anawaka uso, kichwa kinamgonga, anatoka vipele, moyo unakwenda mbio. Wengine husema samaki alikuwa na ukali wa pilipili. Watu hudhani ni aleji. Na samaki anaweza kuwa bado hananuki. Ukimkaanga, histamini haiondoki. Ukimgandisha haiondoki. Ukimfanya ng'onda haiondoki.

Aptama za histamini zimetafutwa na zimepatikana. Shida yake ni mbili. Kwanza histamini ni ndogo sana, dalton 111, kwa hiyo hakuna pengi pa kushika. Pili, histidini, yaani mama yake, inafanana nayo sana na imejaa kwenye nyama ile ile, hata jodari aliyetoka majini sasa hivi. Aptama inayochanganya mama na mwana itasema kila jodari ni mbaya. Basi ukiletewa kipimo cha histamini, swali lako la kwanza liwe: mmekijaribu kwa jodari mbichi kabisa, kikanyamaza?

Kuna jambo watengenezaji hulipita. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa samaki wa jamii hii inataka wastani wa sampuli 9 usizidi miligramu 100 za histamini kwa kilo, na yoyote isipite 200. Fanya hesabu: miligramu 100 kwa kilo ni kama milimola 0.9. Hicho ni kiasi kikubwa kwa vipimo hivi. Hakuna haja ya chombo kinachoona histamini kidogo mara milioni ya hapo, na hicho ndicho wanachojivunia kwenye maandishi. Kinachohitajika sokoni ni chombo kinachostahimili mafuta ya samaki, damu, chumvi na mikono yenye magamba, kikatoa jibu lile lile asubuhi na alasiri.

Mpaka hapo, shilingi ya kwanza iende kwenye barafu. Histamini ikishazaliwa kipimo kitakwambia tu kwamba umepata hasara. Barafu tangu samaki anapotolewa ndoanani, nyuzi 4 au chini yake, ndiyo inayozuia isizaliwe. Wanunuzi wa hoteli za Shela wanaouliza karatasi za vipimo wangeuliza kwanza boti ilikuwa na barafu kiasi gani.

Na bunju? Tukipata kipimo tunaweza kumla?

La. Tetrodotoksini ya bunju haina dawa ya kuiondoa mwilini, moto hauigusi, na kiasi chake hutofautiana kati ya samaki na samaki, kati ya ini na nyama. Aptama zake zipo maabara. Kipimo cha kipande kimoja cha nyama hakikwambii lolote juu ya kipande cha pili. Mtupe.

Nyama ya kasa je? Tulisikia ya Pemba.

Machi 2024 watu 9 walifariki kisiwani Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao wakiwa watoto. Sumu ya kasa hudhaniwa kutokana na mwani na viumbe anavyokula, ila molekuli yenyewe haijabainishwa kwa uhakika. Na aptama haichaguliwi kwa kitu usichokuwa nacho mkononi. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kutegemea. Isitoshe, kasa analindwa na sheria ya Kenya. Hapa swali la kipimo halifiki.

Nilisoma kwamba aptama ni mambo ya kijeshi, ya kugundua silaha za sumu. Kweli?

Kwa sehemu. Mwaka 1999 Bruno na Kiel, Marekani, walichapisha aptama za DNA zinazoshika mbegu za kimeta, na baadaye zikaja za risini, sumu ya mbarika. Fedha za ulinzi zimelipia utafiti mwingi wa fani hii.

Mpaka kati ya silaha na kitoweo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Saksitoksini ni sumu ya mwani inayoingia kwenye chaza na kombe, ikalemaza misuli ya mlaji mpaka ya kupumulia. Molekuli hiyo hiyo imo kwenye Jedwali la 1 la Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Kemikali, pamoja na risini. Matokeo yake, maabara inayotaka kuchunguza chaza hupata taabu ya vibali kuipata sumu ya kulinganishia. Aptama ya saksitoksini ya kwanza ilichapishwa mwaka 2013. Faida yake iko wazi: kwa miongo mingi njia rasmi ilikuwa kumdunga panya na kuhesabu dakika mpaka afe. Kiwango kinachokubalika nchi nyingi ni mikrogramu 800 kwa kilo ya nyama ya chaza.

Mahindi yetu ya Mpeketoni?

Sumu ya kuvu, aflatoksini, ndiyo mahali ambapo aptama zimefika mbali zaidi kwenye chakula, pamoja na ndugu yake okratoksini, ambayo aptama yake ya herufi 36 ilitoka Kanada mwaka 2008. Hatari yake Wakenya hawahitaji kuhadithiwa: mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui walihesabiwa wagonjwa 317, wakafa 125. Kiwango cha Kenya kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 za aina ya B1.

Lakini sumu hii haikai sawasawa guniani. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na punje za pembeni yake zikawa safi. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia ukakipeleka kwenye chombo bora duniani, utapata jibu la kiganja kile. Chota sehemu nyingi, juu, katikati, chini, saga pamoja, changanya, ndipo upime. Kisha ujue kwamba aflatoksini hutolewa kwenye unga kwa methanoli, na methanoli nyingi huvuruga umbo la aptama, kwa hiyo lazima izimuliwe kwanza. Kipimo kikishindwa, mara nyingi kimeshindwa hapo mwanzoni, mikononi mwa aliyechota.

Sisi zahanati tunachotaka ni kujua homa hii ni malaria, dengi au chikungunya.

Nawaelewa. Dengi iliandikwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1982, Malindi na Kilifi. Na chikungunya Lamu hatuisahau: katikati ya mwaka 2004 iliingia mji mzima, na uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba ulikuta watu 75 katika kila 100 wana alama zake, ikakadiriwa kuwa zaidi ya watu 13,000 walipata. Wataalamu waliihusisha na ukame: watu waliweka maji siku nyingi majumbani bila kuyabadilisha, mbu wakazaliana humo.

Kwa dengi, aptama nyingi zinailenga protini ya NS1 inayomwagika kwenye damu siku za mwanzo za homa. Vipimo vya haraka vya NS1 vya kingamwili vipo tayari, na kwa leo hivyo ndivyo vya kuagiza. Kizuizi kwa aptama za damu ni vimeng'enya vya mwili vinavyokata DNA na RNA. RNA ya kawaida haimalizi dakika nyingi kwenye damu. Hutibiwa kwa kubadilisha kemia ya herufi, na gharama hupanda.

Visima na mabirika?

Kwa bakteria wa kinyesi, bado njia ya kuotesha ndiyo mahakama ya mwisho. Sharti la maji ya kunywa ni kutokuwa na hata koli (bakteria wa kinyesi) mmoja kwenye mililita 100. Aptama hushika bakteria vizuri, ila kifaa kinaona tone moja dogo, na katika tone hilo huenda asiwemo hata mmoja ingawa kisima ni kibovu. Kuotesha huchukua saa 18 hadi 24 na humuona yule mmoja. Anayekwambia ameyapima maji yako ya kunywa kwa dakika 5 na hana wasiwasi, wewe kuwa nao.

Kwa zebaki hali ni nzuri zaidi, kwani ioni yake hujipachika katikati ya herufi mbili za T na kuzifunga, jambo rahisi na la kutegemewa. Kwa chumvi inayopanda visimani huhitaji aptama. Ulimi unatosha, au kipimo cha umeme cha bei ndogo.

Mafuta ya meli bandarini?

Siyo kazi yake. Petroli na dizeli ni mchanganyiko wa mamia ya molekuli, na aptama inataka moja.

Ni DNA. Haiwezi kuniingia mwilini? Na ni halali?

Kipimo hakikuingii, damu yako au samaki wako ndiye anayekiendea. Hata ikikugusa, kipande cha herufi 40 hakina amri yoyote ya kumpa mwili wako. Kila samaki unayemla ana DNA mara nyingi zaidi ya hiyo. Kuhusu halali, nitakachosema ni namna inavyoundwa: kwa kemikali, kwenye mashine, bila mnyama. Hukumu waulizwe wenye elimu yake.

Kama ni nzuri hivi, mbona zaidi ya miaka 30 imepita na sizioni dukani?

Sababu ni kadhaa. Hataza za SELEX zilishikwa na kampuni chache kwa miaka mingi. Kingamwili zilikuwa zimeshakaa sokoni, na mwenye kiwanda habomoi kiwanda kinachoingiza. Na tafiti nyingi ziliishia kwenye maji safi ya maabara, zikahesabiwa zimefaulu.

Si kwamba hakuna kitu. Dawa ya macho ya pegaptanibu iliidhinishwa Marekani Desemba 2004, na nyingine ya macho Agosti 2023. SomaLogic, kampuni aliyoianzisha Larry Gold, hutumia aptama zilizobadilishwa kupima maelfu ya protini kwa tone dogo la damu. Lakini hizo ni kazi za hospitali kubwa na maabara tajiri.

Mtu amekuja na kifaa, anataka kaunti au BMU, kamati yetu ya wavuvi ya ufuo, inunue. Tumuulize nini?

Mwambie akipime mbele yenu, kwa samaki mliyemchagua nyinyi. Leteni wawili: mmoja wa asubuhi ile kutoka kwenye barafu, mmoja aliyelala nje. Msimwambie yupi ni yupi. Rudieni mara kadhaa na watu tofauti wakishika kifaa. Muulizeni sampuli zake zilipimwa pia kwa njia ya kawaida ya maabara, na zililingana mara ngapi. Muulizeni karatasi za kupimia zinaharibika baada ya muda gani zikiwa kwenye joto la nyuzi 35 na unyevu wa pwani, maana uzi wenyewe ukistahimili, gundi na karatasi huenda visistahimili. Kikiwa cha kupima wagonjwa, aonyeshe usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu. Akianza kuwaeleza kifaa chake kinaona femtomola (kiasi kidogo mno) ngapi, mrudisheni kwa samaki.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, napenda sayansi. Nianzie wapi?

Kemia na baiolojia, na hesabu usiiache. Ukitaka kitu cha kukitazama leo, tafuta aptama ya thrombini ya mwaka 1992. Ina herufi 15 tu: GGTTGGTGTGGTTGG. Chora G nane kati ya tisa zilizomo, ukiiacha ile ya katikati, uone zinavyoweza kujipanga nne nne katika ghorofa mbili, na potasiamu ikikaa katikati kuzishikilia. Wanafunzi wengi huielewa hiyo kwa penseli na karatasi kabla ya kuona maabara yoyote. Ukifika chuo, Kilifi si mbali: kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambako kazi ya kusoma jeni za virusi inafanywa kila siku. Omba nafasi ya kujifunza kazi, na usichague mradi kwa sababu ya jina lake; chagua ule ambao msimamizi wake atakuruhusu kuleta maji ya kisima cha kwenu kuyapima.